Boti inaangalia mbele, nani anakuangalia wewe?

Kila ikikaribia Disemba simu yangu hailali. Ni marafiki wa Nairobi, wa Nakuru, wengine hata sura zao sizikumbuki. "Bro, tunashuka Diani wiki ya Krismasi, tutafutie boti ya kutuvuta na tyubu." Wameona video mtandaoni: tyubu nyekundu kama donati, watu wawili wamelala juu yake, boti inakata kona, maji yanaruka, mtu anarushwa baharini huku wenzake wanakufa kwa kicheko. Sekunde 15, muziki juu. Raha tupu.

Huwa nawajibu poa, nitawatafutia. Lakini siku hizi natuma na swali moja. Kwenye hiyo boti, nani atakuwa anaangalia nyuma? Wengi hunirudishia emoji ya kucheka wakidhani natania. Sitanii.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiye na muda wa kusoma hadi mwisho aondoke nao. Boti yoyote inayomvuta mtu kwa tyubu bila mtu wa pili ndani, ambaye kazi yake ni kuangalia nyuma tu, isitoke ufuoni. Iwe Diani, iwe Msambweni, iwe Nyali. Na mtu huyo alipwe, asiwe wa kuombwa "ingia tu utusaidie".

Najua ninachosema kwa sababu mtu huyo wa kuombwa niliwahi kuwa mimi.

Mimi ni mtoto wa Jego. Kwa wasiopajua, ni kule chini kabisa Kwale, ukitoka Lunga Lunga kwenda Vanga, jirani na mpaka wa Tanzania. Kwetu maji si mgeni. Mto Umba ukifurika unatufuata hadi mashambani, na baharini tunaingia kabla hatujajua kusoma. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, nikapanda matatu hadi Ukunda nikiwa na simu yenye thamani kuliko kila kitu begini. Tangu hapo ninapiga video ufuoni na kuandika. Wenye boti wananipa safari, nami nawapa klipu za kutafutia wateja. Mtu akikuuliza unafanya kazi gani unasema "kontenti" na mazungumzo yanaisha hapo.

Disemba moja binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuja kunitembelea kutoka nyumbani. Mshikaji mmoja mwenye boti akatuambia tupande bure, siku ilikuwa nzuri, bahari imetulia. Binamu akapanda tyubu, mimi nikabaki kwenye boti. Kijana ambaye kwa kawaida humsaidia nahodha alikuwa ametumwa mchangani kutafuta wateja, kwa hivyo nahodha akaniambia, "Wewe si uko na simu, mwangalie huyo." Nikaitikia. Nikamwangalia, ndiyo, kupitia kioo cha simu. Halafu nikageuza kamera upande wangu.

Video hiyo ninayo mpaka leo. Ina sekunde 41. Katika zile za mwisho mimi natabasamu, na nyuma ya bega langu tyubu inarukaruka juu ya maji. Haina mtu.

Nahodha alikuwa anaangalia mbele, kama inavyompasa. Mimi nilikuwa najiangalia. Tulipogundua tulikuwa tumeshakwenda mbali na hatukujua ameanguka wapi. Jaketi alilopewa lilikuwa la mtu mnene, mkanda mmoja umekatika, likamvuka kichwani alipogonga maji. Alikuwa amelishika kwa mkono mmoja. Boti nyingine ilikuwa inakuja upande ule ule ikivuta ndizi yenye watu wanne. Kilichomwokoa ni kwamba boti ile ilikuwa na kijana aliyekaa ameupa mgongo usukani. Alikiona kichwa majini upande wa kushoto, akapiga ukelele, nahodha wake akapinda. Wakamwokota wao.

Yaani ndugu yangu yuko hai kwa sababu boti ya watu wengine ilikuwa na mtu wa kuangalia nyuma. Yetu haikuwa naye. Yetu ilikuwa na mimi.

Tuliporudi Jego nilidhani mjomba atanitukana. Mjomba ni mvuvi wa miaka mingi, na sisi Wadigo mnajua uzito wa mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mwanangu, wewe ulikuwa unaangalia wapi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia kwenye mashua mtu wa tezi anashika usukani na mtu wa omo anaangalia mwamba, na hakuna siku mmoja amefanya kazi ya wote wawili akarudi na chombo kizima. "Nyinyi mmefunga mtu nyuma ya chombo halafu wote mnaangalia mbele. Hiyo ni akili gani?"

Nimefikiria swali lake muda mrefu, nikasoma, nikauliza manahodha wanaojua kazi. Haya ndiyo niliyojifunza, na hakuna hata moja linalohitaji digrii.

Kwanza elewa tyubu ni nini. Haina usukani, haina breki. Boti ikikata kona, tyubu haifuati njia ya boti. Inafagia nje, kwenye duara kubwa zaidi, na kwa hizo sekunde chache inakimbia kuliko boti yenyewe. Nahodha anaona mwendo wa wastani kwenye mita yake, wewe huko nyuma unarushwa kama jiwe la teo. Ndiyo maana mwendo wa juu unaopendekezwa kwa mtu mzima ni kilomita 32 kwa saa, na kwa mtoto 24. Sio kwamba watengenezaji hawapendi raha. Maji ukiyagonga kwa kasi hayana tofauti kubwa na lami ya Ukunda.

Sasa piga hesabu na mimi. Kilomita 32 kwa saa ni karibu mita 9 kila sekunde. Ukigeuka kujipiga selfi sekunde 10, boti imeenda mita 90. Kwa umbali huo kichwa cha mtu kwenye mawimbi ni kama nazi inayoelea. Ongeza jua la saa tisa linalomulika juu ya maji, utaniambia kama utakiona.

Na akili ya kuuza msisimko isiyojali mwili wa mtu si ya kwetu pekee. Mwaka 2006 huko Marekani kampuni ya Sportsstuff iliiondoa sokoni tyubu yake ya Wego Kite Tube, ile iliyoundwa ipae hewani ikivutwa na boti, baada ya watu wawili kufa na wengine wengi kuumia. Kumbe hata wenye maabara na mawakili wanaweza kusahau swali la mjomba wangu.

Pili, kamba. Hapa ndipo nimeona mambo ya ajabu ufuoni. Mtu anatumia kamba ya nanga, mwingine ile ya kufungia mizigo kwenye lori. Kamba ya tyubu inatakiwa iwe na urefu wa mita 15 hadi 20. Ikiwa fupi, tyubu inakaa karibu na injini na moshi wake. Ikiwa ndefu kupita kiasi, inafagia eneo kubwa na kugonga kila kitu. Iwe ya kuelea, manake ya kuzama itaingia kwenye rafadha. Isiwe ya nailoni inayonyumbuka kama mpira, kwa sababu ikikatika inarudi kama kiboko usoni mwa aliye ndani ya boti. Nguvu yake pia ina kipimo: kwa mtu mmoja, kamba istahimili angalau kilo 680, kwa wawili, 1,080, kwa wanne, 1,860. Na ifungwe kwenye pete madhubuti za tezini, zilizokazwa kwenye mwili wa boti. Kiti cha mbao si mahali pa kufungia kamba. Ukiona uzi umechanika, umeota manyoya au una fundo katikati, hiyo kamba imestaafu.

Tatu, jaketi okozi. Kila anayevutwa avae, hata kama ni bingwa wa kuogelea wa kaunti. Ukirushwa vibaya unaweza kuzimia, na aliyezimia haogelei. Jaketi liwe la saizi yako. Jaribio ni rahisi: funga mikanda yote, mwambie rafiki alishike mabegani alivute juu. Likifika masikioni, si lako, omba jingine. Kama hakuna jingine, nenda kale viazi karai, bahari itakuwepo kesho.

Nne, mpangilio wa watu. Mtoto wa miaka minane na baba wa kilo 100 kwenye tyubu moja ni vichwa viwili vinavyosubiri kugongana. Wanaopanda pamoja wakaribiane kwa uzito, na wasizidi idadi iliyoandikwa kwenye tyubu yenyewe. Usijifunge kwenye tyubu, usijizungushie kamba mkononi. Ukianguka, achia.

Tano, lugha ya mikono. Kabla ya kuondoka kubalianeni. Dole gumba juu, ongeza mwendo. Dole chini, punguza. Kiganja kukata shingoni, simama. Na aliyeanguka anyanyue mikono miwili akutanishe vidole juu ya kichwa, maana yake "niko sawa". Asipoonyesha hivyo, boti imfikirie ameumia. Ishara hizi zote hazina maana kama hakuna anayeziona, ndiyo tunarudi kwa mtu wetu wa nyuma.

Sita, na hili ndilo linaloniogopesha zaidi, kumwokota aliyeanguka. Nahodha arudi polepole, amweke upande wake wa usukani asimpoteze machoni, na azime injini kabla mtu hajafika karibu na tezi. Azime kabisa, sio kuweka frii na kungoja. Rafadha yenye panga tatu ikizunguka mara 3,200 kwa dakika, inapiga mara 160 kwa sekunde. Kabla ubongo haujasema "mguu", mguu umekwisha. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia injini, ambayo wengi wanaining'iniza kama pambo, ifungwe kwa nahodha. Akitupwa nje na wimbi, injini inazima yenyewe.

Saba, mahali na wakati. Diani tuna bahati ya mwamba unaovunja mawimbi, ndani yake maji ni tulivu. Lakini maji hayo yanapwa. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4, kwa hivyo pale ulipovutwa maji yakiwa yamejaa ukicheka, yakishapwa kuna korali na miiba ya baharini sentimita chache chini yako. Msimu nao una lake. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ndiyo bahari ya wageni. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, hata wavuvi wanapunguza safari. Ukishuka kusini zaidi, kuna malema na nyavu za wazee, na Kibuyuni kuna mashamba ya mwani ya akina mama. Hapo si uwanja wa tyubu. Jua likizama, kazi imeisha.

Sasa tuje kwenye mzizi wa jambo, ambao ni pesa.

Mbona mtu wa nyuma hayuko? Sio kwamba vijana wa boti hawajui. Wanajua sana. Ni kwamba mteja anabishana bei mpaka shilingi ya mwisho, mwenye boti anataka fungu lake, mafuta yamepanda, na kitu cha kwanza kupunguzwa ni mtu anayeonekana hana kazi. Amekaa tu, anaangalia nyuma, si ashuke akatafute wateja? Ndivyo anavyoondolewa.

Chukua mfano wa boti inayopiga safari 10 kwa siku, wateja wawili kila safari. Hao ni watu 20. Kila mmoja akiongeza shilingi 50, hiyo ni 1,000 kwa siku, na kijana mmoja wa Ukunda amepata kazi. Shilingi 50! Chupa ndogo ya maji kwenye hoteli za Diani utalipa zaidi ya hapo na hutasema kitu.

Najua nitakachojibiwa. Wapo watakaosema naharibia vijana wenzangu soko, kwamba mgeni akisoma hivi ataogopa. Ndugu zangu, tumeshaona soko likiharibika, na halikuharibiwa na makala. Tuliona 2014, nchi za nje zilipowaonya raia wao wasije pwani, hoteli zikafunga milango. Tukaona tena 2020 na korona. Mara zote aliyelala njaa kwanza ni mtu wa mchangani. Hayo hatukuwa na uwezo nayo, lakini hili tunao. Ajali moja mbaya ya tyubu iliyorekodiwa na mtu mwenye simu kama yangu inatosha kufunga ufuo mzima kabla ya jua kuzama.

Wengine watasema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, na serikali isijifiche nyuma yangu. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ndiyo inayokagua boti ndogo na kutoa vyeti. Walinzi wa Pwani tunao tangu 2018. Ombi langu kwao na kwa Kaunti ya Kwale ni dogo: boti ya kuvuta tyubu ikikaguliwa, isihesabiwe majaketi tu, iulizwe pia nani ni mtu wa nyuma na amefundishwa na nani. Pale Mombasa kuna Bandari Maritime Academy. Mafunzo ya kuangalia nyuma, ishara na kuokoa mtu majini hayahitaji miaka miwili. Waleteni wakufunzi Ukunda, Msambweni na Vanga wikendi mbili kabla ya Disemba. Mimi chuo kilinishinda kwa karo, hayo ya wikendi nitakuwa wa kwanza kwenye mstari.

Lakini tusikae tukingoja. Sisi wa pwani tunajua gharama ya "twende tu". Aprili 29, 1994 feri ilizama Mtongwe ikiwa imejaa kupita kiasi, zaidi ya watu 250 wakafa, na kuna nyumba Likoni na Kwale ambazo mpaka leo tarehe hiyo haitajwi kwa sauti. Tyubu si feri, najua. Ila neno linalotamkwa kabla ya kuondoka ni lile lile: twende tu, hakuna shida.

Kwa hivyo wewe unayekuja Disemba hii na SGR, ukapita Dongo Kundu ukafika Diani na hamu zako, karibu sana. Bahari ni yetu sote na raha ni haki yako. Ukifika kwenye boti uliza mambo matatu kabla hujatoa pesa. Nani anaangalia nyuma? Jaketi langu ni lipi? Mkija kuniokota, injini mtazima? Nahodha anayejua kazi atakujibu bila kukasirika, pengine hata atafurahi kwamba umeuliza. Akikucheka au akinusa muguka na mnazi, shuka. Ufuo ni mrefu, boti ni nyingi.

Na nyinyi wenzangu wa simu, watu wa kontenti: ukiombwa uangalie nyuma, simu ingie mfukoni. Kama unataka video, apatikane mtu wa tatu. Mtu hawezi kuwa macho ya mwenzake huku anatafuta likes zake.

Binamu yangu yupo Jego, mzima, bado anaogelea. Tyubu hapandi tena, na simlaumu. Mimi bado niko kwenye boti karibu kila wikendi. Nakaa tezini, mgongo kwa nahodha, mikono mitupu.